SOMO LA WIKI: Kupima mafuta yaliyoiva

Kampuni ya utafutaji inapotangaza kuwa kisima chake kimegusa mafuta, bei ya hisa zake huweza kupanda siku hiyo hiyo. Kama bei hiyo itashika au la ni jambo linaloamuliwa baadaye, na sehemu ya jibu hutoka maabara: mafuta hayo yameiva kiasi gani?

Mafuta ghafi hutoka katika mwamba mama, yaani tope la kale lenye mabaki ya mwani na viumbe wengine, lililofukiwa na kupashwa joto kwa mamilioni ya miaka. Kwa jumla mafuta huundwa kati ya nyuzi joto 60 na 150 za Sentigredi. Joto likizidi hapo, mafuta yenyewe huvunjika na kuwa gesi. Mwamba mbichi hauna cha kuuza. Ulioungua hutoa gesi, na gesi iliyo mbali na bomba au mtambo ni biashara nyingine kabisa, yenye mtaji mwingine.

Maabara huchukua tone la mafuta, hutenganisha kemikali zake kwa mashine ya kromatografia ya gesi, kisha hupima uzito wa molekuli. Zinazotafutwa ni chache mno, nyingine ni sehemu kadhaa tu kwa milioni.

Kundi linalotajwa sana ni sterani, mabaki ya kemikali za ngozi ya seli. Kiumbe hai huziunda kwa umbo moja, R. Joto hugeuza baadhi kuwa umbo la S, hadi S ifikie takriban asilimia 55, kisha kipimo husimama. Asilimia 20 ni dalili ya mafuta machanga. Asilimia 55 husema tu kwamba hatua hiyo imepitwa, haisemi imepitwa kwa umbali gani, na hufikiwa hata kabla mwamba haujamaliza kutoa mafuta yake. Dalali anayeisifu namba hiyo kama ushahidi wa kisima bora anamwonyesha mteja saa iliyosimama.

Kwa mafuta yaliyopashwa zaidi hutumika adamantani na jamaa zake, ambazo kaboni zake zimepangwa kama za almasi. Adamantani ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1933 katika mafuta ya Hodonín, Chekoslovakia. Ni ngumu kuvunjika, hivyo mafuta yanapogeuka gesi zenyewe hubaki na kiwango chake hupanda. Mwaka 1999 Jeremy Dahl na wenzake walionyesha jinsi ya kulitumia jambo hilo, na hesabu yake ni ya dukani: kama mafuta ya asili yalikuwa na sehemu 5 kwa milioni na sampuli ina 50, basi asilimia 90 ya mafuta hayo imekwisha vunjika.

Sampuli yenye sterani nyingi na jamaa za adamantani nyingi pia ni habari kubwa zaidi. Kwa kawaida ni mchanganyiko: mafuta ya kawaida yamekutana na mengine yaliyopanda kutoka kwenye joto kali. Huenda chini zaidi kuna mafuta mepesi au gesi ambayo bado haijachimbwa.

Mwekezaji asichanganye kuiva na uzito wa mafuta. Mafuta ya Ziwa Albert, Uganda, yaliyothibitishwa kuwa ya kibiashara mwaka 2006, yana nta nyingi kwa sababu mwamba mama wake ulijengwa na mwani wa ziwani. Ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 la kwenda Chongoleani, Tanga, limebuniwa likiwa na vipasha joto. Gharama hiyo inatokana na aina ya mwamba, na mwani wa ziwani nao huacha alama zake katika sterani.

Taarifa ya kampuni isomwe pia kwa kuangalia sampuli ilipotoka. Tope la kuchorongea lililochanganywa na dizeli huacha kemikali zake kisimani, na mafuta yanayosafiri huokota sterani changa katika miamba ya njiani. Mafuta yaliyotiririka wakati wa kujaribu kisima huaminika kuliko yaliyokwanguliwa kwenye vipande vya mwamba.