Kaboni na Uhai wa Betri za Vifaa Tiba

Mgonjwa anayehamishiwa hospitali ya rufaa kwa msaada wa mashine ya oksijeni ya kubebeka huitegemea betri njia nzima. Mashine huweza kuonyesha kwamba betri imejaa, ilhali nguvu iliyomo haitoshi safari. Chanzo kimojawapo cha hali hiyo ni mabadiliko katika kaboni iliyo ndani ya betri.

Katika betri nyingi za ioni za lithiamu, elektrodi hasi ni ya grafiti, yaani kaboni iliyopangika tabaka juu ya tabaka mithili ya kurasa za kitabu. Betri inapochajiwa, ioni za lithiamu hutoka katika elektrodi chanya na kujipenyeza baina ya tabaka hizo. Inapotumika, hurejea zilikotoka. Tangu kuchajiwa kwa mara ya kwanza, sehemu ya lithiamu hunaswa katika utando unaojengeka juu ya kaboni. Utando huo huikinga elektrodi, lakini huzidi kunenepa kadiri muda unavyopita, hasa penye joto. Lithiamu iliyonaswa haifanyi kazi tena. Kwa hiyo, asilimia 100 ya betri kuukuu ni nguvu ndogo kuliko asilimia 100 ya betri mpya.

Watafiti wanatafuta elektrodi bora kwa kutumia kaboni ya vipimo vya nanomita. Nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Mirija ya kaboni, aliyoieleza Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991, ni imara na hupitisha umeme vizuri. Huchanganywa na silikoni, ambayo hubeba lithiamu nyingi kuliko grafiti lakini huvimba mno na kupasuka. Mirija huvishikanisha vipande vyake. Hata hivyo, uso mpana wa kaboni hiyo hujenga utando mwingi zaidi, ndiyo maana hutiwa kwa kiasi kidogo.

Mhudumu wa afya asiridhike na taa pekee. Mashine ipimwe mara kwa mara, kabla ya kuunganishwa na mgonjwa, ili ijulikane hufanya kazi kwa muda gani bila umeme wa ukutani. Kila safari iwe na chanzo cha akiba cha oksijeni. Mgonjwa anayeitumia nyumbani aiepushe na jua kali, atumie chaja yake halisi, na betri ikivimba aache kuitumia na kuwaarifu wahudumu mara moja.