Kanda na Katuni Chini ya Mabati

Ushauri mwingi wa kutunza kanda, majarida na katuni za zamani huandikiwa mtu mwenye chumba cha ziada. Mpenzi wa vitu hivi anayeishi Kambi Muru, Kibera, ana chumba kimoja. Humo analala, anapika, na humo humo zimo kanda zake za redio na video, katuni alizozikata magazetini tangu shule ya msingi, na CD za muvi alizonunua kando ya reli. Haya nayaandika kwa ajili yake.

Nafasi ikiwa haba, itabidi kuchagua, na kuchagua kunauma. Mimi huuliza swali moja tu: nikikipoteza hiki, nani mwingine anacho? Enter the Dragon ya 1973 na American Ninja ya 1985 tulizipenda kufa, tukazitazama katika vibanda vya video hadi tukajua kila teke linatua wapi. Lakini zipo kila mahali duniani, na hazitapotea kwa sababu wewe umeziachilia. CD yenye sauti ya DJ Afro ikiisimulia muvi hiyo hiyo kwa Kiswahili cha mtaani ni jambo jingine kabisa. Ile sauti ni yetu, na huenda nakala iliyomo sandukuni mwako ni miongoni mwa chache zilizobaki. Vivyo hivyo kipindi cha Vitimbi kilichorekodiwa nyumbani kutoka KBC, Mzee Ojwang' na Mama Kayai wakiwa katika ubora wao, na matangazo ya biashara yakiwa yameachwa katikati. Usiyakate matangazo hayo. Na kama una kanda ya harusi ya Wanubi wa hapa Kibera yenye ngoma ya doluka, hiyo iweke mbele ya zote.

Kwa upande wa karatasi, tafuta jarida la Joe, lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973 na likafa 1979. Tafuta Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, na kazi za Frank Odoi, Mghana aliyeifanya Nairobi kuwa kwake hadi ajali ya matatu ilipomuua mwaka 2012. Usidharau hata matoleo ya kwanza ya Shujaaz ya mwaka 2010. Jarida hilo lilitolewa bure, na kitu cha bure watu hukitupa upesi. Wauza vitabu wa inama mjini, wale wanaovitandaza chini, na wale wa Soko la Toi watakuwekea wakikujua sura na ukisema wazi unataka nini. Ongea pia na wanaouza magazeti makuukuu kwa kilo, kabla hayajaenda kufungia nyama.

Sasa tuje kwenye chumba chenyewe. Joto hupanda na kukaa chini ya paa, kwa hiyo rafu ya juu kabisa haifai. Sakafu nayo haifai, maji ya masika hayabishi hodi. Weka vitu kwenye kimo cha kiuno, na uviache mbali kidogo na ukuta, maana mabati hutoa jasho alfajiri. Ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana ni kabati zuri sana: ioshe, ianike mpaka ikauke kabisa, kisha upakie siku kavu ya Januari au Februari, si wakati wa mvua, la sivyo utafungia unyevu ndani. Tia vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Dawa ya nondo usitie, inaweza kulainisha plastiki. Fungua ndoo kila mwezi unuse. Harufu ya ukungu hulitangulia doa lake.

Katuni za gazetini usizigundishe kwa gamu wala selotepu, na usizipeleke kulaminetiwa. Ukishafanya hivyo hakuna kurudi nyuma. Zilaze zilivyo, kila moja kati ya karatasi mbili nyeupe za fotokopi. Zipige picha kwa simu mlangoni, mahali penye mwanga lakini pasipo jua la moja kwa moja.

Kanda ndizo zinazotaka haraka. Anza na za video, kwa sababu mashine zake zinakufa: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuziunda, iliacha mwaka 2016. Ukienda kununua deki ya mtumba, beba kanda usiyoijali uijaribu nayo hapo hapo, ukitazama kama inaitafuna. Kabla ya kucheza kanda yoyote ya thamani, ng'oa vijino vya plastiki vilivyo ukingoni: kimoja kwenye ya video, viwili kwenye ya redio. Hapo hakuna atakayerekodi juu yake kwa bahati mbaya. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba yenye alkoholi ya aisopropili kutoka duka la dawa. Kisha ipeleke kanda mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma, ili mkanda uliokaa miaka mingi ulegee. Kasha likipasuka, hamishia mkanda kwenye kasha la skrubu.

Ili kunakili sauti, chomeka waya kutoka tundu la hedifoni la redio hadi tundu la maikrofoni la kompyuta, na utumie programu ya bure ya Audacity. Sauti isiguse alama nyekundu. Chomoa chaja ya kompyuta wakati wa kurekodi, itapunguza mvumo. Hifadhi kwanza kama WAV: kanda ya dakika 60 itakula takriban megabaiti 600. MP3 ya kuwatumia marafiki utaitengeneza baadaye. Stima ikicheza-cheza jioni unayonakili, acha. Deki ikizimika ghafla kanda ikiwa ndani, fundi ndiye atakayeitoa.

Nakala moja kaa nayo, ya pili mpe rafiki mnayebadilishana naye vitu kule Kawangware, ya tatu ipeleke ushago. Soko la Toi limewahi kuungua, na moto wa mtaani hauchagui mlango.

Kisha waite wazee mtazame kanda hizo pamoja. Mama fulani atamtambua bibi harusi, mwingine ataikumbuka nyumba iliyo nyuma yake. Kaa na kalamu. Andika majina, mwaka, mahali, idhaa na aliyerekodi, kwenye lebo ya kanda na kwenye jina la faili, usiku huo huo kabla wageni hawajatawanyika.