Je, Busaa Ndiye Mwenye Nyumba Yako?

Ndugu msomaji, hebu jichunguze. Mvua ikianza unakimbilia kuanua kimea cha wimbi, nguo za shule baadaye. Paa la jikoni linavuja, unasema pesa hakuna, lakini bati la kukaangia unga wa busaa ni jipya, tena linang'aa. Mtoto akiuliza, "Mama, tusonge ugali?" unamjibu unga huo una kazi yake. Nao kuku wanakula machicha, jogoo anawika saa nane mchana.

Haya, cheka kidogo, kisha shika kalamu. Andika bei ya mahindi, wimbi, kuni na maji. Andika pia siku zako: kungoja unga uchachuke, kuukaanga, kuuanika, kuchanganya na kimea, kungoja tena, kuchuja. Wengi wetu huhesabu mauzo tu, siku hizo hatuzilipi. Halafu toa madeni, maana mteja wa busaa ni hodari wa kuahidi. Kinachobaki kigawe kwa siku hizo zote, ukilinganishe na kibarua cha siku moja shambani kwa jirani. Kikundi kikikutana njoo na karatasi hiyo, hata kama hesabu imekataa.