Vitenzi vya Kiingereza vya Maneno Mawili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mikataba ya kazi, fomu na mabango ya usalama ya Kiingereza yana vitenzi vingi vinavyoandamana na neno dogo. Neno hilo laweza kugeuza maana yote, na anayelipuuza huenda akadhurika au akapoteza haki yake. Yafuatayo ni majibu ya maswali ya kawaida.

Vitenzi hivi ni vya namna gani?
Ni kitenzi kinachofuatwa na kielezi, yaani neno linaloeleza namna au mwelekeo wa tendo, au kihusishi, yaani neno linalounganisha tendo na kitu. "Look" peke yake ni kutazama, lakini "look for" ni kutafuta na "look after" ni kutunza.

Nikitafsiri neno moja moja, nitapata maana?
Mara nyingine utaipata: "sit down" ni kuketi. Mara nyingi hutaipata: "carry out your duties" katika mkataba ni kutekeleza majukumu yako, wala si kubeba kitu kwenda nje. "Lay off" ni kumpunguza mfanyakazi kazini.

Bango limeandikwa "if the alarm goes off". Nisubiri king'ora kizime?
Usisubiri. King'ora kikisemwa "goes off", kimeanza kulia. Fuata njia ya dharura na utoke mara moja. Taa ikisemwa hivyo hivyo, imezimika, kwa hiyo angalia kwanza ni kitu gani kinachozungumziwa.

Nikiandika, kitu kinachotendwa nikiweke wapi?
Kwa kielezi, "turn off the gas" na "turn the gas off", yaani zima gesi, zote ni sahihi. Ukitumia "it" badala ya jina la kitu, iweke katikati: "turn it off". Kihusishi hakitenganishwi na kitenzi chake, hivyo husemwa "look after it".

"Fill in" na "fill out" zinatofautianaje kwenye fomu?
Zote mbili ni kujaza fomu. Ya kwanza imezoeleka zaidi Uingereza, ya pili Marekani.

Ni kweli kwamba hiki ni Kiingereza cha mitaani?
Wengi wamefundishwa hivyo, na ni kweli kwamba baadhi ya vitenzi hivi ni vya mazungumzo tu. Hata hivyo, vingine vingi hutumika kwenye sheria, mikataba na barua rasmi.

Nitafuteje maana kwenye kamusi?
Anza na kitenzi kikuu, kisha tafuta chini yake neno dogo linaloandamana nacho. Soma maana zote ulizopewa, uchague inayolingana na sentensi yako.

Mkataba wangu una maneno nisiyoyaelewa. Nina haki gani?
Nchini Tanzania, kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ahakikishe kuwa mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya ajira yake anafafanuliwa kwa namna anayoielewa. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamlinda vivyo hivyo mfanyakazi asiyejua kusoma au asiyeelewa lugha ya mkataba. Pigia mstari kila neno linalokutatiza, omba ufafanuzi, na usitie saini kabla hujaridhika.