Somo la umeme wa gari: kuunga rilei kwenye kinasa data

Sisi tunaosoma uhandisi, tukirudi nyumbani Kismayu hatukosi kuambiwa: "Wewe si unasoma umeme? Basi nifungie hiki kwenye gari." "Hiki" ni kinasa data, kisanduku kinachoandika mwendo, mahali gari lilipo na volti za betri. Kina pia waya wa amri, na mwenye gari anataka waya huo uwashe king'ora, au ulizuie gari lisiibiwe.

Waya wa amri haubebi mzigo. Katika vinasa vingi hautoi umeme hata kidogo; amri ikija, huunganishwa na hasi tu. Kwa hiyo mguu wa 86 wa rilei unapata chanya kupitia fyuzi ndogo, na mguu wa 85 unakwenda kwenye kinasa. King'ora chenyewe kinapita 30 na 87, kwa fyuzi yake iliyo karibu na betri.

Kabla ya kuunga, pima koili kwa mita. Tuseme umepata omu 85, na karatasi ya kinasa inaruhusu miliampea 150. Mezani, kwa volti 12, koili itavuta miliampea 141. Umefaulu! Sasa washa injini, alteneta ipandishe volti hadi 14: zinakuwa 165. Ndiyo maana kazi iliyokubali mezani hufa barabarani. Dawa ni rilei ndogo ya omu 400, inayovuta miliampea 35 tu. Kinasa kiiamrishe hiyo, nayo iamrishe ile kubwa.

Kila koili iwekewe dayodi, 1N4007 inatosha, upande wenye mstari ukielekea chanya. Koili ikikatiwa umeme hurudisha pigo la volti nyingi, na pigo hilo ndilo linaloua kinasa. Mimi niliwahi kuigeuza dayodi kwa haraka ya kwenda kula. Amri ya kwanza tu, waya wa amri ukaungua. Mwenye gari hakusema kitu, nami niliona afadhali angenigombeza.

Tuje kwenye kuzuia wizi. Mafundi wengi hukata waya wa pampu ya mafuta. Mimi sikubali. Injini ikizimika gari likiwa kasi, usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wake, na ndani mna watu. Kata waya mwembamba unaoamrisha stata, uupitishe 30 na 87a. Rilei ikilala, 87a imefunga na gari linawaka kama kawaida. Ikipata amri, stata haiiti. Hivyo kinasa kikifa, au fyuzi yake ikiungua njiani kwenda Dhobley, abiria hawalali porini. Angalia lakini ampea za 87a, mara nyingi ni chache kuliko za 87.

Halafu chumvi. Hewa ya pwani yetu hula shaba mpaka iwe kijani. Tumia waya uliopakwa bati, rilei ikae miguu chini, na waya ushuke kidogo kabla ya kupanda kuingia, ili maji yadondokee hapo.

Wavuvi wa Koyama na Chula nao huuliza kama injini ya boti inaweza kufungiwa hivyo hivyo. Haiwezi. Kwenye injini nyingi ndogo za boti, waya wa kuzima ukigusa hasi tu, injini inazimika. Weka rilei hapo, chumvi ijenge njia kati ya miguu yake, na boti itasimama yenyewe katikati ya maji, labda katika kusi. Kwenye boti nafunga kinasa peke yake, kiandike safari na volti, na waya wa amri naukata na kuuziba.