Asali Ikutoshayo

Jumatano

Soma Mithali 24:13 na 25:16. Fungu la kwanza linatualika kula asali. La pili linaweka mpaka. Kwa nini tunayahitaji yote mawili?

Huko Choma, katika mkoa wa Tabora uliojulikana kwa asali ya miombo, asali ni chakula, dawa ya kikohozi na riziki. Kwa hiyo mwenye kitambi, shinikizo la damu na sukari iliyopanda hushawishika akisikia kwamba asali huimarisha hata mifupa. Watafiti nchini Malaysia wameijaribu kwa panya wenye hali kama hiyo; lakini panya si binadamu. Takribani asilimia 80 ya asali ni sukari, na kalsiamu yake ni haba mno. Mifupa huhitaji maziwa, dagaa, jua na kazi ya mwili.

Anayeacha vidonge kwa ajili ya asali hajaongeza imani. Amepuuza kiasi, ambacho ni sehemu ya tunda la Roho (Wagalatia 5:23).

Jadili: Ni kitu gani chema unachokitumia bila mpaka? Utamshaurije ndugu aliyeacha dawa, pasipo kumvunja moyo?