USALAMA NA AFYA: Gari Jipya la Mbio na Malalamiko ya Wenyewe



Hapa Nyamitaba hatuoni gari la mbio. Njia zetu ni za milima, zina matope wakati wa mvua na vumbi wakati wa kiangazi. Tunaona kamyo, jipu, pikipiki nyingi, na chukudu inayoteremka na mifuko ya makala au viazi. Basi kwa nini ukurasa wetu leo unazungumza juu ya magari ya mbio?

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ndogo: koltani inayochimbwa Masisi hutoa chuma kiitwacho tantali. Kwa tantali hutengenezwa vidude vidogo vya kutunza umeme, ambavyo huwekwa ndani ya simu na ndani ya vyombo vya umeme vya magari ya leo. Jasho la mchimbaji limo ndani ya magari hayo, hata kama yeye mwenyewe hakuyapanda.

Sababu ya pili ndiyo kubwa. Mtu akinunua gari jipya lenye nguvu, kwanza hulisifu. Baadaye huanza kulalamika. Tukisikiliza vizuri malalamiko yake, tutapata mafundisho ya kuokoa maisha ya anayekwenda kazini kwa pikipiki, ya anayeshuka shimoni, na ya watoto wanaolala nyumbani.

MAGARI MAWILI YALIYOSIFIWA

La kwanza ni Datsun 240Z, lililotolewa na kampuni ya Nissan ya Japani mwezi wa 10 mwaka 1969. Lilikuwa na motere ya silinda 6, lita 2.4, yenye nguvu ya farasi 150 hivi, na uzito wake ulizidi tani moja kwa kidogo tu. Wenye nalo walifurahi: linavuta kwa nguvu, linashika njia, na bei yake ilikuwa chini ya magari mengi ya mbio ya Ulaya.

Gari hilo watu wa Afrika ya Mashariki wanalijua vizuri. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalipita kwenye matope na mawe yanayofanana na yetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la namna hiyohiyo pamoja na Lofty Drews.

La pili ni Porsche 911 la Ujerumani. Lilionyeshwa Frankfurt mwaka 1963, na likaanza kuuzwa mwaka 1964. Motere yake imewekwa nyuma kabisa, nyuma ya pine za nyuma. Nalo lilisifiwa sana kwa mbio. Katika Safari ya mwaka 1978 Vic Preston mdogo alilifikisha nafasi ya pili.

Haya ni magari mema. Hata hivyo wenyewe walilalamika. Walilalamika nini?

LALAMIKO LA 1: «MOSHI UNAINGIA NDANI»

Wenye Datsun 240Z wengi walisema: tukiwa njiani tunasikia harufu ya moshi wa motere ndani ya gari. Wengine wakafungua dirisha ili wapate hewa safi, na harufu ikazidi. Kwa sababu gani?

Gari linapokimbia, hewa iliyo nyuma yake huzunguka na kurudi mbele kidogo. Moshi unaotoka kwenye bomba huzunguka pamoja nayo. Mpira wa mlango wa nyuma ukiwa umechoka, moshi hupata njia. Na ukifungua dirisha la mbele, hewa ya ndani huvutwa nje, kisha moshi huingia nyuma kushika nafasi yake. Mwaka 1971 Nissan waliondoa matundu ya hewa yaliyokuwa katika mlango wa nyuma, wakayaweka ubavuni mwa gari. Na mafundi huwaambia wenye magari ya zamani: badilisha mipira yote ya nyuma.

Somo letu: Moshi wa motere ya esansi una sumu iitwayo kaboni monoksidi. Sumu hii haina rangi wala harufu. Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vya moshi. Sumu yenyewe huja kimya. Ikiingia kifuani, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa ya uhai, hata damu haina tena nafasi ya kuchukua hewa hiyo. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Mwisho analala, wala haamki.

Watu wa Goma na Sake wanaijua mazuku, ile hewa mbaya inayolala mashimoni na kuua mbuzi na watu. Mazuku ni nzito, hukaa chini. Kaboni monoksidi ni tofauti: uzito wake unakaribia ule wa hewa ya kawaida, kwa hiyo huenea kila mahali, chini na juu. Usifikiri kwamba ukisimama wima utapona.

Kwa hiyo:
– Usiteremshe motopompe wala jenereta ya esansi ndani ya shimo. Iache nje, mbali na mlango, na moshi wake uelekee kule upepo unakokwenda. Refusha mpira wa maji, usifupishe maisha.
– Mwenzako akianguka shimoni, usikimbilie kumfuata. Wengi wamekufa wakimfuata ndugu yao. Zima motere, ita watu na shefu wa usalama, ingiza hewa safi kwanza.
– Ukimtoa mgonjwa, mweke penye hewa safi na umpeleke kwenye dispensere, hata akisema amepona.
– Mama, baridi ya milima yetu ni kali. Lakini usilale na mbabula yenye makala ya moto ndani ya nyumba iliyofungwa. Sumu ni ileile. Ota moto jioni mlango ukiwa wazi, kisha mbabula itolewe nje kabla ya watoto kulala.

LALAMIKO LA 2: «NYUMA INATAKA KUTANGULIA MBELE»

Wenye Porsche 911 za kwanza walisema: tukiingia kwenye kona kwa mbio na kuachia esansi ghafula, nyuma ya gari huteleza na kugeuka. Motere nzito imekaa nyuma, kwa hiyo nyuma inasukuma kama mtu aliyelewa.

Kampuni haikuwaambia wenye gari kwamba wao ni waoga. Ilitafuta dawa. Kwanza iliweka vyuma vizito kwenye pembe za mbele za gari ili mbele iwe nzito zaidi. Halafu, kwa magari ya mwaka 1969, pine za nyuma zilisogezwa nyuma, na urefu kati ya pine za mbele na za nyuma ukaongezeka milimeta 57. Tena wakaweka betri mbili mbele. Gari likatulia.

Somo letu: Tazama pikipiki ya kwetu. Motari amekaa karibu na tanki, nyuma yake abiria wawili, na nyuma ya abiria mfuko wa kilo 50 uliofungwa hata kupita pine ya nyuma. Hiyo ni Porsche ya kwanza! Kwenye mlima pine ya mbele inakuwa nyepesi na haishiki tena udongo. Kwenye kona yenye matope nyuma inageuka, na watu wote wanakwenda bondeni.

Sisi hatuwezi kurefusha pikipiki. Lakini tunaweza kupanga mzigo. Mzigo uwe chini na karibu na katikati. Usipite pine ya nyuma. Abiria awe mmoja. Mtoto asikalishwe juu ya tanki. Na mwenye chukudu naye akumbuke: chukudu haina motere, ila kwenye mteremko mzigo ndio motere yake. Ukiongeza mfuko mmoja umeongeza nguvu ya kukusukuma, lakini freni imebaki ileile.

LALAMIKO LA 3: «USUKANI UNATETEMEKA, NA KUTU INAKULA»

Wenye Datsun walilalamika pia kwamba usukani hutetemeka kwenye mwendo mkali. Mara nyingi pine hazikuwa zimesawazishwa, au mipira ya viungo vya mbele ilikuwa imechoka. Na baada ya miaka michache wengi waliona kutu. Haikuwa juu ambapo jicho linaona. Ilikuwa chini, kwenye sakafu na kwenye vyuma vinavyobeba gari. Rangi ya juu ilikuwa bado inang'aa.

Somo letu: Chombo husema kabla ya kuvunjika. Kutetemeka ni maneno yake. Mlio mpya wa mnyororo ni maneno yake. Pikipiki ikitetemeka, simama, tazama misumari ya pine, mnyororo na pine yenyewe. Usiseme: «Nitafika kwanza.»

Na kazini vilevile. Ngazi iliyopakwa rangi jana inaweza kuwa imeoza ndani. Kamba nzuri kwa nje inaweza kuwa imekatika nyuzi za ndani. Mti unaoshikilia udongo shimoni unaweza kuwa mkavu juu na umeoza chini, pale penye maji. Usitazame rangi. Gonga, sikiliza, chunguza kwa chini.

MBIO NA FRENI: HESABU NDOGO

Tuseme unakwenda kilometa 40 kwa saa kwenye njia kavu na nzuri. Ukiona hatari, kichwa chako kinahitaji kama sekunde moja kabla mkono haujabana freni. Katika sekunde hiyo umekwisha kwenda meta 11. Kisha freni yenyewe inahitaji meta 9 hivi. Jumla ni meta 20.

Sasa ongeza mbio mara mbili, kilometa 80 kwa saa. Sekunde ya kufikiri inakula meta 22. Freni haitahitaji mara mbili. Itahitaji mara nne, yaani meta 35 hivi. Jumla ni karibu meta 57. Mtoto anayevuka njia kwa umbali wa meta 30 atapona ukiwa kwenye 40. Ukiwa kwenye 80, hatapona. Na kwenye matope ya kwetu hesabu hii ni mbaya zaidi.

Kuna jambo lingine. Motari wengi huzima motere kwenye mteremko mrefu ili kubakisha esansi. Hii ni hatari kubwa. Motere inayozunguka ndani ya vitesi ya chini husaidia kuzuia pikipiki. Ukiizima na kuachia, kazi yote inaangukia freni. Freni hupata moto, hulegea, na mwisho unabana bila kupata kitu. Esansi uliyobakisha ni ya franga chache. Mguu uliovunjika ni wa miezi mingi bila kazi.

Madereva wa Safari hawakukimbia hivihivi. Walivaa kaske, walijifunga mikanda, na ndani ya gari kulikuwa na vyuma vya kuwakinga likipinduka. Walio hodari kuliko wote walijikinga kuliko wote. Wewe unayetoka sokoni na mkeo nyuma, kaske yako iko wapi? Na yake je?

KULALAMIKA SI KUTUKANA

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Gari la Porsche lilitulia kwa sababu watu walisema. Aliyesikia harufu ya moshi akanyamaza, aliendelea kunywa sumu. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humfichua.

Katika kazi yetu mtu huona ufa mpya kwenye ukuta wa shimo, akanyamaza kwa kuogopa kuitwa mwoga, au kwa kuogopa kupoteza mapato ya siku. Kesho yake udongo unashuka juu ya wenzake. Ufa ule ulikuwa umekwisha kusema. Ilibaki ulimi wa mtu.

Lalamiko zuri lina mambo matatu: niliona nini, niliona wapi, niliona lini. «Kazi hii mbaya» halimsaidii mtu. «Asubuhi ya leo, kwenye mlango wa shimo la pili, upande wa kushoto, maji yameanza kutoka penye udongo mkavu» linaweza kuokoa watu kumi. Nawe kapita, ukiambiwa neno kama hilo, usimcheke aliyelileta. Ukimcheka leo, kesho atanyamaza, na ukimya wake utakuwa juu yako.

KUMBUKA
1. Motere ya esansi hukaa nje ya shimo. Mbabula hulala nje ya nyumba.
2. Mzigo uwe chini na katikati. Abiria mmoja, kaske mbili.
3. Mteremko: vitesi ya chini, motere ikizunguka.
4. Chombo kikitetemeka, simama.
5. Ukiona hatari, sema: nini, wapi, lini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI
– Kwa nini kufungua dirisha la mbele kuliongeza moshi ndani ya gari?
– Mbabula yetu inalala wapi usiku wa baridi?
– Wiki hii niliona hatari gani kazini, na nilimwambia nani?

Baba awasomee watoto swali la kwanza, na watoto wamuulize baba lile la tatu. Asiye na jibu leo, awe nalo kesho kabla ya kushuka shimoni.